Neno Lililovunja Mguu

Kabuchai, Bungoma
20 Machi 2003

Kwa Huzaifa wa Soko Stars, Kitale.

Watu huanza balua wakisema mimi ni mzima, sijui wewe. Mimi si mzima, na sababu unaijua, kwa vile sababu ni wewe. Naitwa Wekoye, namba kumi na moja wa Mabanga Rangers, yule uliyemrukia na miguu miwili Jumamosi ile ukamvunja muundi wa kulia. Mpila haukuwa hata karibu, bana! Mpila ulikuwa umeshaenda kwa golikipa wetu Barasa. Wewe ulikuja kwa mguu wangu tu. Macho yako niliyaona, na mfupa niliusikia ukilia kabla sijasikia uchungu. Hata watu wa upande ule mwingine wa uwanja waliusikia. Dada yangu Jentrix alikuwa amesimama kwa laini, akatapika hapo hapo.

Wamenifunga plasta kutoka vidole mpaka kwa paja. Mimi ni mtu wa boda boda, Huzaifa. Nabeba watu kwa baiskeli kutoka Mabanga mpaka Bungoma mjini, na hiyo ndiyo kazi pekee naijua. Sasa baiskeli imeegemea ukuta na kuku wanalala juu yake.

Nisikize vizuri. Nitapona. Nikishapona nitarudi uwanjani, na siku tutakutana nitakuvunja. Haitakuwa bahati mbaya. Nitakuja nikiangalia huo mfupa wako wa mbele, niupige katikati, pale pale ulinipiga mimi, halafu nisimame nikusikize ukilia. Pole yako siitaki. Nimeandika ndio kesho usiseme ati hukuambiwa.

Wekoye


Kitale
2 Aprili 2003

Wekoye,

Kwanza ni barua, si "balua". Pili, mimi sikutaka kukujibu. Ni mama yangu, Khadijo, amenikalia kichwani tangu siku ile. Unamjua vizuri, si ndiyo? Ndiye yule mama wa chai anayesafiri na timu yetu. Ulipobebwa juu ya mlango wa choo alilia kuliko mama yako. Kila nikikaa kula ananiuliza, "Umemwandikia yule mtoto wa watu pole?" Haya, hii hapa pole aliyoitaka. Yake. Yangu mimi sina.

Wewe unajua ulichoniambia ulipopita kando yangu uwanjani, ukicheka na meno yote nje. Mama hajui, wala hatajua, kwa maana siwezi kulitamka neno hilo mbele yake. Anadhani amezaa mnyama. Wacha adhani hivyo. Wallahi ningerudishwa Jumamosi ile ningekuvunja tena, na ule wa kushoto pia.

Sasa unasema utapona. Utapona kwa kulala? Mimi nilivunjika kifundo mwaka juzi nikalala kama wewe, nikingoja mfupa ufanye kazi peke yake. Mfupa ulishika, lakini paja lilikuwa limeisha, limekuwa kama mpini wa jembe, na nilichechemea miezi mingine mingi ambayo haikuwa na haja. Kwa hivyo toka kwa kitanda. Kaza msuli wa paja humo humo ndani ya plasta, ushikilie, ulegeze, urudie. Inua mguu wote ukiwa umenyooka. Chezesha vidole mpaka vichoke. Na mikono je, kwani nayo niliivunja? Shika jerikeni la maji uinue. Ukija kwangu uje mzima, kwa sababu sitaki mtu aseme nilipigana na kilema.

Mama ametuma mkebe wa nyirinyiri kwa dereva wa basi. Ni nyama iliyokaushwa ikakaangwa kwa samli. Ni yeye, si mimi.

Huzaifa Abdikarim


Kabuchai
24 Aprili 2003

Huzaifa,

Mkebe umefika. Nilimpea mbwa kwanza. Tulimkalia tukimwangalia mpaka jioni, hakufa, akaanza kulamba mkono wangu akiomba ingine. Basi nikakula. Mwambie mama yako asante, na Mungu ambariki. Wewe hakuna kitu nakwambia.

Halafu hii maneno ya "unajua ulichoniambia", nilisema nini? Mimi sikutukana mtu! Nilikuwa nacheka kwa sababu tulikuwa tunaongoza na nilikuwa na laha yangu. Nilikusalimia vile mtu husalimia mwenzake. Sasa umevunja mtu mguu ndio unatafuta sababu ya kuweka hapo. Ungesema tu ulikuwa na hasila ya kufungwa, ningekuelewa hata kama ningebaki kukuchukia.

Hizo mazoezi zako nilikuwa nizitupe. Halafu nikafikiria, kama nyoka anakuonyesha mahali meno yake iko, si unaangalia? Naamka, nakaza paja. Nikiinua mguu natamka jina lako kwa nguvu, Huzaifa! Naushusha, nauinua tena, Huzaifa! Mayi, mama yangu, amesikia huko jikoni akaja mbio kuniuliza kama nimeingia dini ya mama wa nyirinyiri. Jerikeni nainua nikiwa nimekaa kwa stuli, na mabega yangu sasa imekuwa kama ya mtu wa kubeba magunia ya mahindi.

Barasa, yule golikipa wetu, huja kuniona kila Jumapili na mkungu wa ndizi. Alikuja na mpango. Vijana wako tayari kukodi gali waje Kitale na rungu wakungoje nje ya hoteli ya chai ya mama yako. Wangekupiga mpaka usahau jina. Nikamkatalia. Nilimwambia wewe ni wangu, na akikugusa mtu mwingine nitaanza na yeye.

Wekoye


Kitale
15 Mei 2003

Wekoye,

Usijifanye. Ulimtaja mama yangu. Kwa kinywa chako, mbele yangu, ukacheka. Sitaliandika neno lenyewe kwa sababu karatasi hii naiandikia juu ya meza yake, na hapo kando yangu anapepeta mchele. Ukitaka kuendelea kukana, kana. Wacha Barasa wako aje na rungu zake. Mimi pia nina ndugu hapa, na rungu si kitu cha kutoka Bungoma peke yake.

Chama cha mpira kimenifungia nisicheze mechi kwa sababu yako. Juzi kwa mazoezi mmoja wetu, Kimaiyo, akanitania ati nimekuwa mchinjaji. Nilimpiga kichwa, midomo ikapasuka, jino likabaki kwenye paji langu la uso. Kocha amesema nisionekane hapo mpaka nitakapokuwa mtu. Mama alinifunga kitambaa kwa kile kidonda bila kuniuliza neno. Afadhali angenichapa.

Plasta ikitolewa usishtuke. Mguu utanuka, utakuwa na magamba, na utakuwa mwembamba mpaka utafikiri wamekurudishia wa mtu mwingine. Usiukimbilie. Kaa kitini, unyooshe, na kwa kidole gumba uandike hewani herufi zote, a mpaka z. Kifundo ndivyo kinavyolegea. Ukifika L na R, jaribu kutochanganya, ninyi watu wa Bungoma. Halafu ingia mtoni, maji yakufike kiunoni, utembee kwenda na kurudi. Maji yanakubeba na wakati huo huo yanakupinga. Baiskeli geuza, inua gurudumu la nyuma juu ya matofali, upige pedali bila kwenda popote. Usijaribu kubeba mtu. Ukijaribu kubeba mtu mapema utaniharibia siku yangu.

Huzaifa


Kabuchai
30 Julai 2003

Huzaifa,

Walikata plasta na msumeno. Ulisema ukweli kuhusu kunuka. Jentrix alitoka nje. Nilipouona mguu nililia, na sioni haya kukuambia. Nilikuwa na muundi wa kupiga penalti mpaka nyavu inararuka, sasa nina kijiti.

Malaya kwanza kusimama bila magongo nilianguka nikagonga kichwa kwa meza, damu ikajaa jicho. Malaya pili nikashika mlango, mlango ukafunguka, nikaanguka nje mbele ya kuku. Mama wa mazoezi pale hospitali akaniambia nipunguze hasila. Nikamwambia, daktari, hasila ndiyo dawa pekee nimepewa bule. Akanionyesha vile mtu hupanda ngazi: mguu mzima unaenda juu kwanza, na kushuka ule mgonjwa unatangulia.

Mtoni Kuywa naingia kila siku. Maji ni baridi, mawe yanakata nyayo, na mkondo unanivuta nikisimama vibaya. Mwanzoni nilikuwa natembea nikishika kamba Jentrix ameifunga kwa mti. Sasa kamba nimetupa. Baiskeli pia napiga vile ulisema, juu ya matofali. Majirani wanapita wananiuliza nimefika wapi, nimebeba nani. Nawaambia nimefika Kitale, nimebeba maiti.

Jana nilipiga mgomba. Uko nyuma ya choo, unene wake ni kama wa paja lako. Nilianza pole pole, nikiupiga na huo mguu mgonjwa, nikiweka mahali pamoja tu, nikawa naona maji yake yanatoka nikajiambia hiyo ni damu. Niliupiga mpaka ukaanguka. Uchungu ulinipanda mpaka kwa meno lakini mfupa haukusema kitu. Mayi Phelista alinikimbiza na mwiko kwa sababu ulikuwa na ndizi changa.

Haki nimekaribia.

Wekoye


Kitale
6 Agosti 2003

Wekoye,

Sina salamu leo. Niandikie tu kitu kimoja. Yale uliyoniambia uwanjani siku ile, yaandike yote, neno kwa neno, jinsi ulivyoyatamka. Usimwombe Jentrix akusahihishie. Usirekebishe hata herufi moja. Andika na mkono wako, unitumie upesi.

Nakuomba. Unaona nimekuomba.

Huzaifa


Kabuchai
15 Agosti 2003

Huzaifa,

Wewe ni mtu wa ajabu. Sasa umeanza kusahau mwenyewe, ama ni nini? Lakini umeniomba, basi.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa nimetoka kwa laini kunywa chai haraka haraka, mtu wetu alikuwa amelala chini anapakwa dawa. Mama yako akanipea kikombe na akakataa nisilipe. Mwaka uliopita tulipokuja kucheza kwenu Kitale pia alinipea hivyo hivyo, ati nafanana na kaka yake. Nikafurahi. Nikarudi ndani nikikimbia, nikapita kando yako, nikakuambia kwa furaha:

"Bana, mama yako malaya pili ananipea chai bule!"

Ni hayo tu. Halafu ukanivunja.

Wekoye


Kitale
22 Agosti 2003

Wekoye,

Nimeisoma hiyo sentensi yako mpaka karatasi imechakaa. Nimeitamka kwa ulimi wangu, halafu nikaitamka kwa ulimi wako.

Ulikuwa unataka kusema mara ya pili. Kwako inatoka "mala ya pili", na ukikimbia inashikana, kama ile "Malaya kwanza" ya barua yako. Kulikuwa na upepo, watu wanapiga makopo, wewe unahema, na neno "chai" sikulisikia kabisa. Nilichosikia mimi ni hiki: mama yako malaya, pili ananipea bure. Na ulikuwa unacheka, Wekoye. Ulikuwa unacheka!

Utaniuliza, kwani wewe si mtu wa Kitale? Ni kweli. Nimezaliwa hapa, nimecheza na Wabukusu wenzako tangu nikiwa na kamasi, "mala ya kwanza" nimeisikia sokoni maisha yangu yote na hata sigeuzi shingo. Lakini tangu baba afariki na mama afungue hoteli peke yake hapa karibu na msikiti, kuna wanaume wamemtaka wakamkosa. Wakishamkosa wanamwita jina hilo. Mmoja aliliandika na makaa kwenye mlango wa hoteli, herufi kubwa, na mimi nililisugua na mchanga kabla mama hajafungua. Tangu siku hiyo sikio langu hulingoja neno hilo kila mahali. Uwanjani nilifikiri limenifuata mpaka Mabanga.

Nimekuvunja mguu bure. Sijui mtu huandika nini baada ya hapo. Siwezi kukuambia samahani kwa barua, nikikuambia hivyo nitaonekana nakukejeli. Tukikutana njoo upige, sitakimbia.

Ila nakusihi kitu kimoja, usimsimulie mtu. Hata Jentrix. Neno hilo likianza kutembea halitatembea na maelezo yake, na mama yangu hajawahi kulisikia likitajwa kwa jina lake. Hata lile la mlangoni hakuliona. Hicho ndicho kitu pekee nimefaulu kumfanyia.

Huzaifa


Kabuchai
18 Januari 2004

Huzaifa,

Nimekaa bila kukujibu kwa sababu kila nikishika kalamu nataka kuidunga kwa jicho la mtu.

Herufi! Umenivunja mfupa kwa sababu ya herufi! Kama ungekuwa na hasila ya mpila ningesema sawa, mwanaume alikasirika. Kama ningekuwa nimetukana mama yako kweli, mimi mwenyewe ningekupea mguu. Lakini mimi nilikuwa nakusifia mama yako! Nilipomaliza kusoma balua yako nilichukua panga nikaenda kwa miwa ya jirani, nikafyeka mstari mzima bila kuangalia, na mwenye miwa alipokuja kunisimamisha akaona uso wangu akarudi nyuma.

Unasema nisisimulie mtu. Umechelewa, bana. Siku balua ilifika nilikuwa steji yetu ya boda boda na vijana, nikaisoma hapo hapo kwa sauti. Walicheka mpaka baiskeli zikaanguka. Barasa alilala chini akishika tumbo. Tangu hiyo siku mimi siitwi Wekoye tena, naitwa Malaya Pili. Nikifika steji, "Malaya Pili amefika!" Mimi ndiye nimevunjika na mimi ndiye nachekwa, na wewe unalia ati sikio lako lilikuwa linangoja kitu.

Mguu umerudi. Nabeba abiria mpaka Bungoma na magunia nyuma yake. Nakimbia mlima wa kutoka mtoni bila kusimama. Kocha ameniweka kwa timu, na najua umesikia kura ya kombe imetupanga na nyinyi, Mabanga, mwisho wa mwezi wa pili. Sijabadilisha kitu. Niliapa na mfupa mbichi, na nakuja.

Wekoye


Kitale
1 Februari 2004

Wekoye,

Steji nzima?

Sikiliza. Mguu wangu ni wako, hilo tulimaliza. Kifungo changu kimeisha na nitacheza, nitasimama pale unaponitaka. Mimi sizungumzii mguu.

Mama anakuja. Nimemwambia mechi hii ni ya fujo, asije. Nimemwambia lori limejaa. Nimemficha hata thamosi moja. Ananiambia, "Nataka kumwona yule mtoto akikimbia, nione kwa macho yangu kama mguu umeshika, ndipo nitalala." Amekushonea hata soksi. Amenunua mbuzi nusu kwa ajili ya mkebe wako mwingine.

Mwambie Barasa anyamaze. Waambie watu wako. Wewe ndiye ulilifungua, ni wewe tu unaweza kulifunga. Nipige mbele yake, avumilie kuniona nikibebwa kwa mlango. Hilo ataliweza. Lile lingine hataliweza.

Huzaifa


Kabuchai
16 Februari 2004

Huzaifa,

Mimi si polisi wa midomo ya watu. Kama unaogopa, fungia mama yako nyumbani. Mimi nakuja kwa mguu wako tu.

Wekoye


Kabuchai
7 Machi 2004

Huzaifa,

Najua ulikuwepo, lakini kuna vitu ulikuwa umevipa mgongo, na nataka uvijue.

Nilikupata pale karibu na goli letu. Mpila ulikuwa mguuni mwako, umesimama, mguu wa kulia mbele, kama mtu ameweka kuni kwa gogo ndio mwenzake akate. Ulisimama hivyo makusudi, nilijua. Nilitoka mbali. Hiyo mbio nimeifanya mtoni, nimeifanya mlimani, nimeifanya kwa mgomba, mwaka mzima nimeamka kwa sababu ya hiyo mbio. Nilikuwa nimeshaona mahali pa kupiga. Na wewe ukageuka. Hukuniangalia mimi, uliangalia nyuma ya goli, na uso wako ukabadilika mpaka nami nikageuza macho nione ni nini.

Ndio nikasikia wanachoimba. Mbeleni nilikuwa nasikia kelele tu. "Ma-la-ya pili! Ma-la-ya pili!" Wanapiga makopo, wanaruka, hata watoto wa shule. Barasa ameacha goli lake, amewageukia mikono juu, anawaongoza, na kidole chake kinaonyesha mama yako. Na yeye amesimama na thamosi kwa mkono mmoja na kikombe kwa ingine, anawaangalia nyuso zao, huyu, huyu, kama anatafuta kama kuna mtu anamjua. Wele wange, Mungu wangu! Akaniona mimi nakuja, akatabasamu.

Nilipita mpila. Nilikupita wewe. Nikampiga Barasa na mguu huo huo, na nguvu zote zilizokuwa zako, hapa kwa mbavu. Ile sauti naijua, nilishaisikia ikitoka kwangu. Akaanguka nikampiga tena akiwa chini, na tena, na singeacha. Ni watu waliniondoa juu yake. Halafu unajua vile ilikuwa, fimbo, matofali, chuma cha bendera ya kona kimenipasua kichwa hapa nyuma. Jiwe lilipiga thamosi nikaona chai ikimwagikia mkono wa mama yako na mvuke ukipanda. Lilikuwa jiwe la kwetu. Nilijaribu kumfikia nikavutwa nyuma.

Mguu ulishika, Huzaifa. Haukuuma hata kidogo. Niliujenga wa kukuvunja wewe, na umevunja mbavu tatu za mtu aliyekuwa anakuja kuniona kila Jumapili nikiwa na plasta. Timu imenifukuza. Ndugu zake walikuja na mapanga, wakanikosa, wakakatakata baiskeli. Niko kwa shangazi, mahali sitaandika.

Usimwambie mama yako kwamba ni mimi nilipeleka neno steji. Mwambie walikuwa wanasema mara ya pili. Nimeandika hiyo R nikiikaza mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Wekoye


Kitale
21 Machi 2004

Wekoye,

Nitaituma hii kwa Jentrix, yeye ajue atakavyokufikishia.

Mkono wa mama umebambuka ngozi kutoka kwa kiwiko mpaka vidoleni. Unapona. Daktari amempa mpira mdogo wa kubinya ili vidole visikauke, na mimi ndiye namsimamia, kwa sababu asiposimamiwa anaanza kukanda unga na mkono huo.

Tulikuwa kwenye lori, tumefika Kiminini. Hapo akaniuliza, "Walikuwa wanaimba nini?" Nilimwambia vile vile ulivyokuja kuniandikia, kabla hata sijaiona barua yako. Nikamwambia, "Mara ya pili, mama. Tumewahi kucheza hapo, wanasema hii ni mara ya pili. Ni ulimi wao tu, unajua wanavyosema."

Akafunga kitambaa chake vizuri kwenye mkono. Akasema, "Huzaifa, mimi nimewauzia Wabukusu chai tangu wewe hujazaliwa. Wakisema mara, najua wamesema mara. Wale hawakuwa wanasema mara."

Basi. Mwaka mzima nimelibeba neno hilo ili lisimfikie. Nilikuvunja mguu kwa ajili yake, nikapasua mdomo wa Kimaiyo kwa ajili yake, na limemfikia likiimbwa na watoto wa shule.

Jumamosi tulicheza nyumbani. Thamosi mpya iko juu ya kabati na hakuja uwanjani. Hoteli anafungua, anapika, anahudumia, lakini mtu akicheka nyuma yake anasimama kwanza kabla ya kugeuka. Hakuwa hivyo.

Ameniuliza habari zako. "Yule mtoto alimpiga mwenzake kwa sababu gani?" Nikamwambia kwa sababu yako, mama. Akabinya mpira wake. Halafu akauliza, "Na wale wenzake walilitoa wapi?" Nikasema sijui. Jana akauliza tena, nikasema sijui. Ananiangalia, Wekoye. Anajua nikidanganya tangu nikiwa mtoto, na sasa anafikiri labda ni mimi, mwanawe, niliyelisema huko kwenu.

Sitamdanganya tena kwa ajili yako, na sitakutaja mimi, utajitaja mwenyewe. Yuko hotelini kila siku, mlango wa kijani, mkabala na msikiti. Mguu si umepona? Basi njoo.

Huzaifa